Nzuri baharini, mbovu nchi kavu: tathmini ya mpango wa Uingereza wa kuhamisha familia kwa vikundi

Mpango tunaoupima hapa ulitangazwa London mwezi Julai 1819. Serikali ya Uingereza ilikuwa inatafuta familia za kwenda kuanza maisha kwenye Koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, na Bunge likatenga pauni 50,000 kwa kazi hiyo. Waliosafiri wanajulikana hadi leo kama walowezi wa 1820. Tunaupima jinsi tunavyopima huduma yoyote ya kuhamisha watu: mteja aliahidiwa nini, alilipa kiasi gani, alipewa nini, na mambo yalipoharibika yaliharibikia wapi.

Mtu wa Arusha au Moshi ana sababu ya kuusoma. Muundo wake ndio ule ule unaotumika sasa kwa familia za Machame, Marangu, Rombo na Meru ambazo kihamba (shamba la ukoo) kimegawanywa mpaka hakigawanyiki tena, zikaamua kuchanga na kutafuta ardhi pamoja Kiteto, Simanjiro au Handeni. Anatokea mtu mmoja wa kukusanya majina. Kila familia inaweka kianzio. Shamba liko mbali na wengi hawajaliona kwa macho. Karatasi inaandikwa jina la fulani. Mpango wa 1819 ulipita hatua zote hizo na kumbukumbu zake zimebaki, kwa hiyo inawezekana kabisa kuonyesha kifungu gani kilizaa tatizo gani.

Tuseme mapema tunavyoona. Usafirishaji tunaupa nyota nne kati ya tano, mkataba nyota mbili, ardhi nyota moja. Wenye nchi, ambao hawakuwa wateja lakini ndio waliobebeshwa gharama kubwa kuliko wote, kwao huduma hii haina nyota hata moja.

Bei na masharti

Serikali haikutaka kushughulika na familia moja moja, ilitaka viongozi. Kila kiongozi alipaswa kuleta wanaume wasiopungua 10, wenye nguvu za kufanya kazi na umri wa zaidi ya miaka 18, wawe na familia au wasiwe nazo. Kwa kila mwanaume au familia zilitolewa ekari 100, yaani kama hekta 40. Nauli ya meli ilikuwa bure, na chakula bure tangu kupanda hadi kushuka.

Amana ilikuwa pauni 10 kwa mwanaume aliye peke yake, au kwa mume, mke na watoto wawili wa chini ya miaka 14. Watoto wakizidi hapo, kila wawili wa ziada waliongeza pauni 5, na kijana wa kati ya miaka 14 na 18 aliongeza pauni 5 peke yake. Chukua mume, mke, watoto wanne wadogo na binti wa miaka 15: kumi, tano na tano, jumla pauni 20. Kibarua wa shambani Uingereza wakati huo alikuwa anapata kama shilingi 10 kwa wiki, na pauni moja ilikuwa shilingi 20. Familia hiyo iliweka mezani mshahara wa wiki 40 kabla hata ya kuiona meli.

Fedha hiyo haikuwa bei ya ardhi. Ilirudishwa kwa mafungu matatu: theluthi wakishuka pwani, theluthi wakifika kwenye eneo lao, na theluthi ya mwisho miezi mitatu baada ya hapo. Hiki ndicho kifungu bora kuliko vyote katika mpango mzima, na kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kinafanya kazi mbili kwa mpigo. Kwanza kinawachuja wanaoandikisha jina kwa kujaribu bahati. Pili kinahakikisha kwamba familia inapofika ugenini, wiki ile ambayo kila kitu kinanunuliwa na hakuna kinachouzwa, ina fedha mkononi. Vikundi vingi vya hapa kwetu vinafanya kinyume: fedha yote inakwenda kwa dalali na kwa gharama za awali, na siku ya kushusha mizigo hakuna hata ya kununulia mabati.

Ila kifungu hicho kilikuwa na tundu. Ukarimu wa serikali uliishia ufukweni. Kuanzia pale, mgao wa unga na nyama, mbegu na zana vilitoka kwenye bohari ya serikali kwa mkopo, na mkopo ulikatwa kwenye amana. Mavuno ya kwanza yalipokufa, mgao ukaendelea, deni likakua, amana ikaliwa yote. Kwenye karatasi familia ilikuwa na akiba, na kwenye daftari la bohari ilikuwa inadaiwa.

Kuhusu umiliki, maneno yalikuwa matamu. Kikundi kikikaa miaka mitatu kwa uwiano wa familia moja kwa kila ekari 100, serikali ingepima ardhi kwa gharama yake na kutoa hati bila ada. Kodi ya ardhi ingesamehewa kwa miaka 10 ya mwanzo, na baada ya hapo isingezidi pauni 2 kwa mwaka kwa kila ekari 100. Kikundi kikiiacha ardhi, inarudi serikalini.

Soma tena uone ardhi inapewa nani. Ilipewa kiongozi, kwa hesabu ya ekari 100 kwa kila mtu au familia aliyoileta. Familia yenyewe haikutajwa kama mmiliki. Hapo ndipo tulipouondolea mkataba huu nyota tatu.

Jina moja kwenye karatasi

Vikundi vilikuwa kama 60, na ndani yake mlikuwa na aina tatu ambazo mkataba haukuzitofautisha. Kulikuwa na kiongozi mwenye uwezo aliyelipa amana ya kila mtu na kuwachukua kama vibarua wa mkataba wa miaka kadhaa. Kulikuwa na kikundi cha kuchangiana, ambamo kila familia ililipa amana yake na kiongozi alikuwa jina tu la kupelekea barua. Na kulikuwa na maskini waliolipiwa na parokia zao ili waondoke.

Kwa aina ya kwanza, kifungu cha kumpa kiongozi ardhi kina mantiki, kwa maana fedha ni yake na hasara ni yake. Hata hivyo nayo ilivunjika upesi. Fundi seremala au mwashi aliyefungwa mkataba wa ujira mdogo alifika, akasikia kwamba kwenye mji wa Grahamstown (leo Makhanda) kuna ujenzi na mafundi hawatoshi, akaondoka. Kiongozi akabaki na ekari mia kadhaa na jembe moja.

Aina ya pili ndiyo iliyoumia zaidi, na ndiyo inayofanana na vikundi vyetu. Watu waliochangia sawa walijikuta ofisi inamtambua mmoja tu. Mgao wa chakula ulipitia kwake, mipaka ilionyeshwa yeye, malalamiko yalipokelewa kutoka kwake, na ikiwa yeye ndiye mlalamikiwa, hakukuwa na dirisha jingine. Kikundi kikubwa cha John Bailie, kilichosafiri kwa meli za Chapman na Nautilus, kiligawanyika vipande vipande muda mfupi baada ya kufika. Chanzo kilikuwa kwenye karatasi, kwa sababu wachangiaji wengi walikuwa wamewekwa chini ya saini moja.

Hapa kwetu jambo hili lina dawa ya kisheria ambayo wao hawakuwa nayo. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina la mtu, la familia au la kikundi. Hakuna sababu ya msingi ya familia 15 kumwandikisha mwenyekiti peke yake eti kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kwenda wilayani.

Melini

Chapman na Nautilus ziling'oa nanga Gravesend, kwenye mto Thames, mwezi Desemba 1819 na kufika Ghuba ya Algoa, pwani ya koloni, mwezi Aprili 1820. Nyingine zilifuata mfululizo. Safari ilikuwa ya miezi mitatu hadi minne. Mwanzo wake ulikuwa mbaya: majira ya baridi yalikuwa makali kiasi kwamba barafu iliganda kwenye mto Thames, na familia zilizokwisha kupanda zilikaa melini zikisubiri, watoto wamebanana chini ya sitaha. Surua, ndui na kifaduro vilipanda pamoja nao. Chakula kilikuwa cha kibaharia, nyama ya chumvi na biskuti ngumu, na mtoto mchanga hakiwezi.

Pamoja na hayo nyota nne zinastahili. Watu kama 4,000 walichaguliwa kutoka kwenye maombi ya makumi ya maelfu, wakapangiwa meli, wakalishwa na kufikishwa, na wengi mno walifika wakiwa hai. Kwa karne ile hiyo ni kazi kubwa. Msiba mkubwa uliipata meli ya Abeona, iliyokuwa imebeba Waskoti kutoka Glasgow. Iliwaka moto baharini Novemba 1820 na watu zaidi ya 100 wakafa.

Kushuka kulikuwa shughuli. Ghuba ya Algoa haikuwa na gati. Boti bapa zilivutwa kwa kamba kupita kwenye mawimbi hadi zikagusa mchanga, kisha wanawake na watoto wakabebwa mabegani mita za mwisho, na makasha yakafuata, mengine yakiwa yamelowa. Ufukweni kulikuwa na mahema. Mji haukuwepo bado. Ulipewa jina la Port Elizabeth mwaka huo huo na kaimu gavana Sir Rufane Donkin, kwa kumkumbuka marehemu mkewe. Kutoka hapo familia zilipakiwa kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe, yaliyokodiwa kwa wakulima wa Kiholanzi wa koloni hilo, kwenda bara. Hadi Grahamstown ni kama kilomita 130, sawa na kutoka Arusha hadi Moshi kisha kuendelea hadi Mwanga, ila bila barabara, kwa kasi ya ng'ombe, na mito ya kuvuka. Dereva akifika alishusha mizigo kwenye nyasi, akageuza. Hapo huduma ilikuwa imekwisha.

Ekari 100 za nini?

Kwa mtu wa kihamba, ekari 100 ni utajiri usioelezeka. Kwa Mwingereza aliyekuwa kibarua wa mwenye shamba, ni hivyo hivyo. Ndiyo maana tangazo liliwavuta watu kwa wingi, hasa baada ya vita vya Napoleon kuisha mwaka 1815 na kazi kuadimika. Lakini ekari peke yake haisemi lolote. Ekari 100 za mteremko wa Machame zenye mfereji na ekari 100 za Longido ni vitu viwili tofauti, na anayekuuzia kwa hesabu ya ekari bila kukutajia mvua, udongo na maji anakuuzia tarakimu.

Eneo lililogawiwa linaitwa Zuurveld, kati ya mto Bushmans na mto Great Fish. Kwa macho ya mgeni lilikuwa la kijani na la kupendeza. Nyasi zake zina tabia moja ambayo kila mfugaji wa pale aliijua: zinafaa wakati wa mvua, na kiangazi kikishika zinapoteza lishe kabisa, ng'ombe anakula na bado anakonda. Waxhosa, wenyeji wa nchi hiyo, walihamisha mifugo yao kwa majira, wakiacha eneo hilo na kurudi. Wakulima wa Kiholanzi walilijua pia, na shamba lao la kawaida lilikuwa kama ekari 6,000. Wafugaji wa Monduli hawahitaji kuelezwa hili. Mpango wa London uliifungia kila familia ndani ya ekari 100 za nyasi za namna hiyo, ukawaambia walime.

Wakalima ngano, kwa sababu ndiyo waliyoijua. Mwaka 1820 ngano ilisimama vizuri, ikaja kutu. Kwa wasiowahi kuiona: majani na mashina yanaota vipele vinavyopasuka na kutoa unga wa rangi ya chuma kilichooza, ukipita shambani suruali inabadilika rangi, na suke linabaki na punje zilizosinyaa zisizofaa hata kusaga. Wakulima wa Karatu, Monduli na West Kilimanjaro wanaijua, na kituo cha utafiti cha Selian hapa Arusha kimeshughulika na ngano kwa miaka mingi. Wale walowezi hawakuwa na mbegu inayostahimili wala mtu wa kuwaambia. Kutu ikarudi 1821, ikarudi tena 1822. Oktoba 1823 zikaja mvua kubwa na mafuriko, yakabeba vibanda na udongo uliolimwa.

Tunaona mara nyingi watu wakilaumu hali ya hewa kwa maafa haya. Sisi tunalaumu mpangilio. Kutu ni ajali, lakini kuwapa watu wote zao moja, eneo moja na kipimo kimoja ndiko kunakoifanya ajali iwe njaa ya wilaya nzima. Halafu wengi hawakuwa wakulima. Walikuwa mafundi na watu wa mjini, kwa sababu tangazo liliuliza nguvu na umri, halikuuliza ujuzi. Kufikia 1823 chini ya nusu ya wanaume waliopewa maeneo ndio walikuwa bado wako kwenye ardhi yao. Wengine walikuwa mjini, kwenye ufundi na biashara, na hapo wengi walifanikiwa kuliko wangefanikiwa shambani.

Huduma baada ya mauzo nayo ilikuwa dhaifu. Kuondoka kwenye eneo kulihitaji kibali. Donkin alianzisha Bathurst kama makao ya utawala wa walowezi, watu wakapanga maisha yao kuizunguka. Gavana Lord Charles Somerset aliporudi kutoka likizo aliyageuza hayo, makao yakahamia Grahamstown, na waliowekeza Bathurst wakapoteza. Walipotaka kukutana kulalamika, tangazo la Mei 1822 likapiga marufuku mikutano ya hadhara isiyo na ruhusa. Kuna sharti moja tunalolisifu bila kusita: walowezi hawakuruhusiwa kutumia watumwa kwenye ardhi waliyopewa.

Nchi ilikuwa na wenyewe

Zuurveld haikuwa tupu. Mwaka 1811 na 1812 jeshi likiongozwa na Kanali John Graham liliwafukuza Waxhosa hadi ng'ambo ya mto Great Fish, likachoma makazi na mashamba yao. Grahamstown ilipewa jina lake, hadi jina hilo lilipobadilishwa mwaka 2018. Tarehe 22 Aprili 1819 maelfu ya wapiganaji wa Kixhosa chini ya nabii wao Makhanda waliushambulia mji huo kuirudisha nchi yao, wakashindwa. Miezi mitatu baadaye London ikatangaza ardhi ya bure.

Ziweke tarehe hizo pamoja utaona bidhaa halisi ilikuwa nini. Serikali ilitaka ukuta wa watu mpakani kwa gharama ndogo kuliko ya askari, na ndiyo maana maeneo yalikuwa madogo na yamesongamana. Familia zilizopanda meli hazikuelezwa hivyo waziwazi. Desemba 1834 Waxhosa walivuka mto, na mashamba ya walowezi yakachomwa kuanzia mwisho mmoja wa wilaya hadi mwingine.

Arusha haina haja ya kwenda kusini kutafuta mfano. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili kupisha mashamba ya wazungu. Nyumba zilibomolewa, watu wakaelekezwa Kingori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa kueleza madai yao. Walowezi waliopewa mashamba yale nao walikuwa wateja wa mpango fulani, wenye masharti na ramani, na ramani hiyo haikuonyesha watu.

Huduma mbili za kulinganisha

Joseph Byrne aliendesha mpango wa kibiashara wa kupeleka watu Natal, koloni jingine la Uingereza kusini mwa Afrika, kati ya 1849 na 1851, kwa meli kama 20. Bei yake ilikuwa nyepesi kueleweka: pauni 10 kwa mtu mzima wa daraja la chini, ndani yake nauli, chakula cha safari na ekari 20. Yaani alilichukua kosa la 1820 la eneo dogo akaligawa kwa tano. Wengi walipoonyeshwa viwanja vyao walivikataa, wakabaki Durban na Pietermaritzburg. Mtaji wa Byrne ulitegemea kurudishiwa fedha na serikali kadiri wahamiaji walivyothibitishwa, mzunguko ukakwama, akafilisika 1850 huku meli zikiendelea kufika. Julai mwaka huo meli ya Minerva iligonga mwamba pale Durban. Watu waliokolewa, mizigo ikaenda, na familia zikaanza maisha bila sufuria wala shoka. Kwa anayepanga leo: zana za wiki ya kwanza zisipakiwe zote kwenye lori moja. Mpango huu tunaupa nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa ajili ya Verulam, ambako kikundi cha Wamethodisti kilikaa pamoja na kudumu.

Canterbury, New Zealand, ni kiwango kingine. Meli nne za kwanza zilifika bandari ya Lyttelton Desemba 1850 na watu kama 800. Ardhi iliuzwa pauni 3 kwa ekari, bei ya juu sana, lakini mgawanyo wake ulitajwa: shilingi 10 ya ardhi yenyewe, shilingi 10 ya upimaji na kazi nyinginezo, pauni moja ya kusafirishia wahamiaji, pauni moja ya kanisa na shule. Muhimu zaidi, Kapteni Joseph Thomas alitangulizwa tangu 1848. Familia ziliposhuka zilikuta gati, kambi ya kupokelea wageni, na ardhi iliyopimwa. Barabara ya kwenda kwenye tambarare haikuwa imekamilika kwa sababu fedha ziliisha, kwa hiyo walipanda mlima kwa miguu na mizigo mizito ikazungushwa kwa boti. Ukilinganisha na gari la ng'ombe linalokushusha kwenye nyasi, hiyo ni kasoro ndogo.

Kwa mpangilio tungetoa nyota nne na nusu. Kwa ardhi hapana. Eneo lile lilinunuliwa kwa Wamaori wa Ngāi Tahu, wenyeji wa pale, mwaka 1848 kwa pauni 2,000, mamilioni ya ekari, kwa ahadi ya kuwaachia maeneo ya kutosha ambayo hawakuachiwa. Deni hilo lilifika mezani 1998, serikali ya New Zealand ilipolipa fidia ya dola zake milioni 170 na kuomba radhi.

Waliofanikiwa walifanya nini tofauti

Ndani ya mpango wa 1820 kuna vikundi viwili tunavyovirudia kila mara. Kikundi cha Sephton kilikuwa cha Wamethodisti, kikubwa kiasi cha kutimiza sharti la familia 100 la kulipiwa mchungaji na serikali. Walikwenda na William Shaw, wakajenga Salem. Watu hawa walikuwa na utaratibu wa mikutano, wa kusaidiana na wa kuamua magomvi kabla hawajapanda meli, kwa hiyo uongozi wa kwenye karatasi ulipoyumba, walikuwa na uongozi mwingine wa kweli.

Kikundi cha Thomas Pringle kilikuwa na watu 24 tu, Waskoti, wengi wao ndugu na wakulima. Walipelekwa bonde la mto Baviaans, milimani, mbali na Zuurveld, penye maji ya kumwagilia, na baadaye wakaongezewa ardhi iendane na ufugaji. Hawakupigwa na kutu na mafuriko kama wenzao. Udogo wao uliwasaidia, ila maji ndiyo yaliyowaokoa zaidi.

Anayetaka kuuiga mpango huu kutoka Moshi au Arusha, achukue amana ya kurudishwa kwa mafungu, na idadi ya chini ya kikundi. Watu 10 wenye nguvu ndiyo idadi inayoweza kuchimba kisima na kujenga nyumba moja kwa wiki bila kukodi. Awatangulize wawili au watatu wakae huko msimu mzima wa kiangazi, kwa sababu mvua inaficha kila kitu. Waulize wafugaji wa jirani ng'ombe wanapelekwa wapi mwezi wa tisa na kwa nini. Walime nusu ekari ya majaribio. Wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, maana chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila ridhaa ya mkutano huo, na karatasi yenye mihuri ya viongozi watatu isiyopita mkutanoni haina uzito. Wakisikia mtu mmoja tu akisimama kusema eneo lile ni la malisho yao, wasimamishe malipo siku hiyo hiyo hadi lijulikane.

Bajeti ya chakula iwe ya misimu miwili ya kilimo, na iwe nje ya amana. Ile ya 1820 ilihesabu msimu mmoja, na hata huo ilihesabu kama utakuwa mzuri.

Jambo la mwisho ni daftari. Kati ya kuandikishwa na kupanda meli, mwaka 1819, watu wengi walijitoa, na viongozi waliogopa kupungukiwa idadi. Wakaingiza wengine dakika za mwisho bila kubadilisha orodha, kwa hiyo kuna waliosafiri kwa majina ya watu waliobaki Uingereza. Mgao ukafuata jina, ardhi ikafuata jina, na wazao wao mpaka leo wanahangaika kujua babu yao alikuwa nani melini. Familia ikijitoa, jina lifutwe kwa saini ya mwenye jina na arudishiwe amana yake, ndipo mwingine aandikwe kwenye mstari mpya wenye tarehe yake. Nakala moja ya daftari ikae kwa mweka hazina, nyingine kwa mtu asiye kiongozi.